Bingwa Asiyemwamini Mtu

Siku aliyohamia chumba kilichopakana na changu pale Lanet, nilimpelekea chai. Ndivyo tunavyofanya kwenye ploti yetu. Mgeni akishashusha godoro, jirani anamtolea kikombe. Nilimkuta amesimama mlangoni, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kidogo, kitambaa cha kijani kichwani, mfuko mdogo wa pamba ukining'inia shingoni. Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini unaniletea chai? Unanijua?"

Nikamwambia simjui, na ndiyo sababu nimemletea. Akalifikiria jibu hilo mpaka chai ikaanza kufanya utando. Mwishowe akasema, "Asante, lakini niko na yangu," akanionyesha chupa ya chai aliyoibana kwapani. Nilirudi na kikombe changu nikakinywa mwenyewe, tena kwa hasira.

Watu wote walimwita Bingwa. Mwenye nyumba alimwandika hivyo kwenye risiti, pasta alimtaja hivyo madhabahuni, na mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi nilimwita hivyo hadi jina lake lenyewe likaniponyoka. Alikuwa bingwa wa drafti, na aliishi kwa drafti. Kodi, unga, viatu, dawa ya mgongo, vyote vilitoka kwenye ule ubao wa miraba myeusi na myeupe. Alicheza mashindano ya kaunti na ya taifa, alialikwa Kisumu, Nairobi, hata Kampala, na kati ya shindano na shindano alifundisha shuleni au alikwenda Salgaa kucheza na madereva wa malori wanaolala pale njiani.

Kwetu jambo hilo halikuingia akilini. Drafti pale Lanet ni mchezo wa wanaume wanaongoja kazi. Mafundi wa gereji wanaucheza, vijana wa boda, wazee waliostaafu reli, kwa vifuniko vya soda juu ya kipande cha plaiwudi. Mwanamke anayelipa kodi kwa drafti lazima ana kitu anachoficha. Msimamizi wa ploti alisema huyo ni polisi wa siri, anachunguza wapika pombe. Mama wa mboga alisema amemtoroka mume Kitale. Mwingine akasema ndani ya ule mfuko wa pamba kuna dawa kutoka mbali. Mimi niliyaamini yote matatu, kila moja kwa wakati wake.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kete. Zilikuwa za mbao ya mutamaiyo, ule mti mgumu wa msituni, nusu zimeachwa na rangi yao na nusu zimepakwa rangi nyeusi. Hakucheza kwa kete za mtu mwingine. Alisema kifuniko cha soda kinaweza kutiwa alama, na tena ni chepesi, mtu anakisukuma kwa mkono wa shati bila wewe kuona.

Mara ya kwanza kumwona akicheza ilikuwa kwenye gereji kando ya barabara kuu. Mimi ni fundi wa nguo, na siku hiyo nilikuwa nimewapelekea mafundi ovaroli zao. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameketi juu ya tairi akingoja breki zake, na alikuwa amekwisha kuwapiga mafundi wote mmoja baada ya mwingine. Bingwa akapita na sukumawiki yake, akasimama, akatazama ubao.

"Mathe, sufuria haziko hapa," dereva akamtania. "Ama unataka kucheza?"

Bingwa akaweka mboga chini, akavuta kigoda mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akafungua mfuko. "Tutatumia kete zangu. Na ukunje mikono ya shati."

"Ati nikunje mikono?"

"Kunja."

Watu wakacheka, dereva akakunja. Bingwa akamlisha kete moja. Akamlisha ya pili. Dereva alikuwa anakula na kuimba. Alipokula ya tatu, Bingwa akainua kete yake, akaruka hapa, akaruka pale, akavuka ubao wote hadi mstari wa mwisho na kuingia kingi, na dereva akabaki anatazama ile miraba mitupu kama mtu aliyetoka hotelini akakuta lori lake halipo.

Walirudia hadi breki zikawa tayari. Dereva hakushinda hata mara moja. Alipopanda lori lake akawapigia kelele mafundi kupitia dirishani, "Maboss, huyo mathe si wa kawaida! Mwangalieni kwa hicho kitambaa, ako na earphone!"

Na kweli, mafundi wawili wakamwomba avue kitambaa. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika. Alikivua, akakikung'uta mbele yao, akakifunga tena. "Mmefanya vizuri," akawaambia. "Hata mimi ningejikagua."

Ndivyo alivyokuwa. Alimshuku kila mtu, na aliyemshuku yeye alimheshimu. Waliomkera ni wale waliomwamini upesi.

Nilimshonea pazia. Alileta kitambaa, akakipima mbele ya macho yangu, na nilipomaliza akalipima pazia, kisha akauliza vipande vilivyobaki viko wapi. Nilivitoa chini ya meza nikamrushia. Kanisani aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Sadaka alitoa, tena si haba, lakini macho yake yalikiandama kikapu hadi kilipofika mezani, na mzee wa kanisa aliyekibeba alitembea kama mtu anayefuatwa na mbwa. Alipoalikwa kucheza na wafanyakazi wa umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, walimwandalia chumba kizuri chenye maji moto. Akakataa kulala. Alirudi Lanet siku hiyo hiyo, amechoka na ana vumbi. "Ardhi inatoa moshi na hakuna moto," akaniambia. "Mimi hapo silali."

Pasta naye alimwendea kumuuliza kama drafti si kamari.

"Kamari ni ya mtu asiyejua kitakachotokea," Bingwa akamjibu. "Mimi najua."

Baada ya miezi kadhaa pasta yuleyule akamwomba afundishe vijana katika ukumbi wa kanisa siku za Jumamosi. Kitu cha kwanza Bingwa alichotaka kujua ni nani aliyembadilisha pasta mawazo. Lakini alikubali, na alifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu asiyetabasamu. Wengi waliokuja walikuwa wasichana. Somo la kwanza lilikuwa lilelile kila mara. Alimwachia mwanafunzi kete wazi na kumngoja. Mwanafunzi mwerevu aliuona mtego, akajaribu kusogeza kete nyingine.

"Hapana," alimwambia. "Kula."

"Lakini Bingwa, nikikula utanimaliza."

"Najua. Na wewe unajua. Lakini kwa drafti ukiwekewa lazima ule. Huo ndio mchezo. Unaona mtego na bado unaingia kwa miguu yako."

Jumamosi moja, tukirudi kutoka kanisani, nilimuuliza kama ndiyo sababu hakuinywa chai yangu ile siku ya kwanza. Akasema, "Fundi, kwa ubao nimelazimishwa kula maisha yangu yote. Nje ya ubao hakuna wa kunilazimisha."

Wakati huohuo alikuwa mtoaji. Hili sikuweza kulipatanisha na mengine. Alishinda tangi la maji kwenye mashindano fulani akaliweka uani kwa ajili ya ploti nzima, halafu akawa anasimama dirishani kutazama nani anachota. Kampuni ya maua ya Naivasha ilipodhamini shindano na zawadi ikawa cherehani ya umeme, alishinda, akaileta mlangoni kwangu kwa mkokoteni.

"Mimi sijui kushona," akasema.

Nilianza kumshukuru, nikaingia hadi kumwombea kwa Mungu. Akainua mkono. "Usinishukuru sana. Nitaanza kujiuliza."

Mwaka huo ndio alianza kunichukua kwenye mashindano. Nilifikiri anataka mtu wa kuzungumza naye njiani. Aliponieleza kazi yangu nilicheka, kisha nikaona hachezi.

"Wewe hujui drafti," akasema. "Wanaojua wataangalia ubao. Wewe utakuwa unaangalia mikono. Mkono ukishuka chini ya meza, ukigusa mfuko, ukigusa uso mara nyingi, niambie."

Basi nikawa mtazama mikono. Nilitazama mikono ya walimu, ya madereva, ya mwanajeshi mmoja mstaafu aliyetetemeka hata aliposhinda. Kampala alikula mayai ya kuchemsha tuliyotoka nayo Lanet, hakuonja hata maji ya pale, na akarudi na medali akiwa ameificha ndani ya soksi. Katika miaka hiyo yote nilimwambia mara moja tu kuwa mkono umeshuka chini ya meza, na mwenye mkono alikuwa anajikuna.

Kitu kilichombadilisha kilikuwa simu. Msichana mmoja wa darasa lake alimwonyesha programu ya drafti, akaiweka kwenye simu ya Bingwa. Bingwa alikaa mlangoni akicheza nayo tangu asubuhi hadi saa ya kupika. Akashindwa. Kesho yake akashindwa tena. Nilizoea kumsikia kupitia ukutani akiguna, kisha kimya, kisha akianza upya.

"Hii kitu inacheza vitu ambavyo hakuna mtu alinifundisha," akaniambia siku moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Sasa nitajuaje nacheza na nani? Mtu anaweza kukaa mbele yangu, na anayecheza awe hii."

Tangu hapo kila kijana aliyecheza vizuri alikuwa na simu mahali fulani. Kijana akimshinda mchezo mmoja, Bingwa aliomba akaguliwe viatu. Aliyekwenda msalani alifuatwa. Waamuzi walianza kumchoka, na wachezaji wakawa wanapeana jicho akiingia ukumbini. Lakini aliendelea kushinda, na mshindi huvumiliwa.

Kisha likaja shindano la Bonde la Ufa, kwenye ukumbi mmoja mjini Nakuru. Mshindi wa siku hiyo angeingia timu ya taifa. Asubuhi tulisimama kwenye foleni ya kujiandikisha, na mbele yangu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono mikubwa, kidole kimoja hakina ncha. Jina lake Wekesa. Baba yake alitoka Bungoma zamani akifuata kazi ya mbao Elburgon, naye Wekesa akairithi, akawa anaendesha msumeno wa kiwandani.

Nilimuuliza kama foleni ile ni ya wachezaji peke yao. Hakujibu. Nikamuuliza tena. Akageuka, akanipa sikio.

"Mathe, sema kwa nguvu. Msumeno umekula maskio yangu." Akanionyesha kidude kidogo cha rangi ya ngozi nyuma ya sikio. "Hii ni ya kusikia. Hata sikuwa naitaka, ni bibi yangu alinilazimisha. Anasema amechoka kupiga nduru kwa nyumba."

Tulicheka. Bingwa alikuwa nyuma yangu, anajimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Ukumbi ulikuwa na kelele. Sikugeuka kuangalia kama amesikia.

Wekesa aliwapita wote. Alasiri wakakaa yeye na Bingwa, ubao katikati, watu wamejaa hadi madirishani. Nilifanya kazi yangu. Mikono yake ilikaa juu ya magoti na kupanda tu inaposogeza kete, polepole, kama anaiweka mbao sawa kabla ya kuikata. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: jasho juu ya mdomo wa Bingwa. Wekesa alikuwa anamlisha. Alikuwa amemwekea kete moja, na ilimbidi aile, na hata mimi nisiyejua mchezo nilijua kwa kimya cha watu kwamba akiila tu, yameisha.

Hakuila. Akainua mkono.

"Refa," akasema. "Huyu mtu ana kitu sikioni."

Wekesa, ambaye hakulipata neno lile, akamtabasamia. Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Ana Bluetooth! Anasomewa!" na ukumbi ukalipuka. Wengine wakasimama juu ya viti. Refa akamshika Wekesa bega na kumgeuza kichwa.

"Ni ya kusikia!" Wekesa akasema. "Ni ya hospitali, waulizeni!"

Nilisimama. "Ni kweli," nikasema kwa sauti yangu yote. "Aliniambia asubuhi kwenye foleni. Na mikono yake nimeitazama tangu mwanzo, hakuna kitu."

Bingwa hakunitazama. Refa aliangaliana na mwenyekiti wa chama cha drafti, na mwenyekiti akasema sheria ni sheria, hakuna kifaa chochote mezani. "Toa, ama utoke."

Wekesa akakitoa kile kidude, akakiweka kando ya ubao. Bingwa akasogeza kete nyingine. Alipaswa kuila ile, lakini katika vurugu hakuna aliyemkumbusha, na Wekesa alipomwonyesha refa, refa alikuwa amegeuka kuwatuliza watu. Hata hivyo Wekesa bado alikuwa mbele. Saa ya kupimia muda wa kila mchezaji ilikuwa simu ya refa, na muda uliobaki ulitangazwa kwa mdomo.

"Dakika moja!" refa akasema.

Wote tulisikia isipokuwa mwenye haja ya kusikia. Wekesa alikuwa ameinama, anahesabu njia zake, yuko karibu kabisa na kuingia kingi. Nikamwita kwa jina. Refa akanikemea kuwa hairuhusiwi kumsaidia mchezaji. Nikapunga mikono. Alikuwa anatazama ubao.

"Muda umeisha."

Wakauinua mkono wa Bingwa. Wekesa alitazama huku na huku akiuliza, "Kumefanyika nini? Kumefanyika nini?" mpaka mtu akamwonyesha ile simu.

Tulipokuwa tunatembea kwenda stendi nilimuuliza Bingwa, "Asubuhi kwenye foleni ulimsikia?"

"Ulikuwa umesimama upande wa nani leo?" akanijibu.

"Wa mikono. Ndiyo kazi uliyonipa."

Hakunisemesha tena kwa muda mrefu, na kwenye mashindano akaanza kwenda peke yake.

Huwa napeleka sweta za shule moja huko Elburgon, kwa hivyo nilijua yaliyompata Wekesa. Walimpa jina la Bluetooth. Watoto walimwita hivyo njiani, wenzake wa kiwandani walimwita hivyo wakimwomba nyundo. Alipokwenda Molo kucheza wakamwambia hawachezi na mtu anayesomewa. Mkewe aliniambia ameacha drafti, na kile kidude amekiweka kabatini, akisema ni afadhali asisikie.

Bingwa aliingia timu ya taifa. Alishinda tena. Picha yake ilitoka gazetini, na mwenye nyumba akaibandika langoni. Mimi nilipita mbele ya ile picha kila siku nikijiuliza swali moja. Kama hakusikia pale kwenye foleni, basi alikosea, na kukosea ni kwa binadamu, hasa binadamu mwenye hofu kama yake. Kama alisikia, basi nimeishi na mtu mwingine kabisa ukuta kwa ukuta. Nilianza kumpima. Nilisikiliza anavyokohoa. Akinisalimia nilijiuliza anataka nini, asiponisalimia nilijiuliza anaficha nini. Ile cherehani niliitazama na kujiuliza ilikuwa zawadi ya kweli ama kete aliyonilisha. Nilikuwa nimejifunza kwake bila kujua.

Kuna jambo nililoliona mara nyingi kupitia mlango wake ulioachwa wazi mchana wa joto. Alikuwa ameweka ubao kitandani, kete zimepangwa kama katikati ya mchezo, na kila nilipopita zilikuwa zimepangwa vilevile. Alikuwa anagusa kete moja, anakaa, halafu anazikusanya zote kwa kiganja na kuzirudisha mfukoni.

Akahama. Hakuaga mtu. Asubuhi moja chumba kilikuwa kitupu, pazia langu limekunjwa sakafuni. Msimamizi alisema alijua tangu mwanzo kuwa ni polisi.

Nilimwona tena mwaka jana, kabla ya mvua kubwa. Nilikuwa nimemaliza kupeleka sweta Elburgon nikapitia kiwanda cha mbao kutafuta ubao wa rafu ya duka langu. Misumeno ilikuwa inalia hata meno yalikuwa yananiuma. Kwenye baraza ya ofisi, katikati ya magogo na unga wa mbao, watu wawili walikuwa wameketi wakitazamana, meza yenye ubao wa drafti katikati yao. Mmoja alikuwa Wekesa, sasa msimamizi, vizibo vikubwa vya masikio vikiwa shingoni. Mwingine alikuwa Bingwa. Alikuwa amekonda, na nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe.

Wekesa ndiye aliyenitambua kwanza. "Wewe ndio ulisimama siku ile!" akapiga kelele kuishinda misumeno. Akanivutia kigogo nikae. Bingwa akasema, "Fundi," basi, akarudisha macho kwenye ubao.

Nikamuuliza Wekesa, mdomo karibu na sikio lake, imekuwaje.

"Alikuja tu!" akasema. "Mara ya kwanza nilimfukuza. Akakaa hapo nje kwa magogo mpaka jioni. Jumamosi iliyofuata akaja tena, akatoa kete, akazipanga. Nikaangalia. Ilikuwa ule mchezo wetu, hakuna kete hata moja imekosea mahali. Nikajua huyu naye hajausahau. Anasema anataka tuumalize."

"Nawe umekubali?"

"Leo ndio nimekubali."

Kete ilikuwa bado pale, ile aliyowekewa Nakuru akakataa kuila. Bingwa akainyoshea mkono, akaila. Wekesa akaingia kupitia pengo lililoachwa, akala, akaruka, akala tena, akaingia kingi. Walisogeza mara chache zaidi. Bingwa alicheza kwa bidii hadi mwisho, sikuona akimwachia kitu. Kisha akazisukuma kete zilizosalia upande wa Wekesa, zote.

Halafu akainama mbele na midomo yake ikasema kitu.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa na sikusikia hata neno moja. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba amekichagua kile kipindi, na misumeno inalia, mbele ya mtu asiyesikia. Huyu ni mtu aliyekuwa anahesabu kila kitu. Amesema na hajasema.

Nadhani Wekesa aliwaza vivyo hivyo. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kidude, akakipachika nyuma ya sikio bila haraka. Akamwonyesha Bingwa misumeno kwa kidole, kisha akamwonyesha kiganja: ngoja.

Tukangoja. Mwishowe mtu akagonga kipande cha chuma cha reli, saa ya chakula, na misumeno ikafa mmoja mmoja. Wanaume wakatoka wakijikung'uta unga wa mbao. Wengine walisogea barazani, kwa kuwa walikwisha kuambizana yule mama ni nani.

"Sasa," Wekesa akasema. "Sema."

Bingwa akawatazama wale watu. Akatazama lango. Akanitazama mimi, na nilidhani atainuka aende zake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni ya kusikia. Nilikuwa nyuma ya Fundi kwenye foleni. Nilisikia yote, mpaka ile ya bibi yako na nduru."

Mzee mmoja aliyeshika kopo la grisi akaguna.

"Na ukasema nina simu," Wekesa akasema.

"Sikusema simu. Nilisema una kitu sikioni. Hiyo ingine nilijua watu watamalizia wenyewe."

"Mbona lakini? Mimi nilikukosea nini?"

Bingwa alikuwa ameishika meza kwa mikono yote miwili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kubwa, sauti ya mtu anayesema na asiyesikia, ingawa kiwanda chote kilikuwa kimya.

"Hukunikosea. Ulikuwa umenishinda. Ulinishinda sawasawa, kwa kichwa chako, na mimi niliona, na sikutaka wengine waone."

Wekesa akageuka kuwatazama wenzake. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Mmesikia?" akawauliza.

Yule mzee akaweka kopo la grisi chini, akavua kofia.

"Tumesikia, Wekesa," akasema.

"Tumesikia," akasema aliyekuwa karibu naye, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka kwa yule aliyebaki kule langoni na sahani yake mkononi.